Paka Saba wa Memsahibu

Asubuhi ya tisa mfululizo Wamucii alikuta paka wamemnyea kitalu. Si mahali pamoja, la! Pembe zote nne, na katikati wameongeza kwa hisani yao. Walikuwa wamefukua, wamejisaidia, wamefukia, na katika kufukia huko wameng'oa miche ya kabichi aliyokuwa akiibembeleza kama mtoto mchanga. Aliinama akaokota mche mmoja, mzizi wake unaning'inia, akasema maneno ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyasema kabla ya chai. Kisha akalia kidogo kwa hasira, akajipangusa kwa upindo wa leso, akaenda kutafuta jembe.

Utasema, kabichi ni nini, mtu mzima aililie? Basi sikia kwanza.

Mwaka ulikuwa 1966, na shamba lile la upande wa Soy, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Eldoret mjini, lilikuwa la Kaburu hadi juzijuzi. Kaburu mwenyewe alikuwa amekufa. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Memsahibu tu, aliliuza kwa kampuni ya wananchi akafunga virago kwenda Afrika Kusini. Wanachama wakaja kwa lori kutoka Nyeri, wakapita Timboroa meno yakigongana kwa baridi, kila mmoja amekumbatia sufuria zake. Wamucii alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane. Mashamba ya kwao yalipopimwa na kuunganishwa, shemeji zake waliandikisha kipande cha marehemu kwa majina yao mchana kweupe, naye akabaki hana mbele wala nyuma. Aliuza ng'ombe wake wawili akajiunga na kampuni. Binti yake Muthoni, wa miaka kumi na mmoja, alimwacha kwa shemeji mmojawapo. Barua zilisema mtoto anasoma vizuri. Watu waliotoka huko walisema mtoto anateka maji na kuchanja kuni tangu alfajiri, na shule anaiona kwa mbali.

Sasa kamati ya kampuni ilikuwa na sheria zake. Kila mwanachama alipewa ploti ya muda. Mwezi wa tano kamati ingepita kukagua. Aliyeotesha kitu akaonekana mkulima angepewa namba yake, na ploti iwe yake kabisa. Asiye na kitu angekatwa jina, ploti apewe mwingine aliyekuwa akingoja. Na hakuna kulala nje ya ploti hata siku moja, maana ikikutwa tupu imekwenda. Wenye ng'ombe walilima mahindi. Wamucii hakuwa na ng'ombe tena, kwa hiyo cha kuonyesha kilikuwa ni kitalu hicho, basi. Hangeweza kwenda Nyeri kumchukua mtoto kabla ya namba, na namba haikuja bila kabichi, na kabichi zilikuwa zinanyewa na paka. Alikuwa kama mbuzi kwenye kigingi, anazunguka palepale hadi kamba inamkaba.

Alijaribu kila kitu. Alikata matawi ya kayaba yenye miiba mirefu akazungushia kitalu, na paka wakapita chini yake wakiwa wamejikunyata, bila hata mkwaruzo. Aliyemwaga damu ni yeye, maana kila akitaka kumwagilia ilibidi apite katika miiba yake mwenyewe. Alimwaga pilipili, mvua ikaosha. Alitundika vitambaa vya mafuta ya taa, nyumba nzima ikanuka, paka hawana habari. Na kila mara alimalizia kwa majivu. Mama yake alimfundisha hivyo: ukishapanda, chekecha majivu juu ya udongo ili wadudu wanaokata miche wasisogee. Kwao kila mwanamke alifanya hivyo. Basi paka wakichafua, yeye anasafisha, anapanda upya, anachekecha majivu mengine laini kama unga. Na kesho yake, wamo.

Paka wenyewe walijulikana ni wa nani. Walikuwa saba, wakubwa, wanene, walioachwa na Memsahibu, na aliyewatunza ni jirani yake Jepkosgei. Huyu alikuwa mama wa Kinandi wa makamo, asiye na mtoto, aliyempikia Memsahibu miaka ishirini. Aliishi bado katika nyumba ndogo ya mawe iliyokuwa jiko la Kaburu, kando ya kisima. Wamucii alimwendea siku ile na jembe begani.

"Mama, nimechoka na paka zako! Uwafunge, ama nitawafanyia kitu hutapenda."

Jepkosgei alikuwa anamimina maziwa katika mabakuli saba. Hakuinua uso.

"Hawafungwi hao, Mama Muthoni. Nipigie kelele tu. Lakini siwezi kukubali wapotee."

"Siwezi, siwezi! Mimi je? Mimi nipotee?"

Jepkosgei akamtolea kikombe cha maziwa, eti akae anywe. Wamucii aliona anachezewa, akageuka akaenda zake anafoka njia nzima. Ebo! Yaani mtu akunyee shambani halafu akukaribishe maziwa?

Wiki hiyohiyo alikuja Wanyoike. Huyu ndiye aliyekuwa katibu wa kamati, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni, anayecheka kabla hajasema kitu. Alizunguka kitalu polepole akitikisa kichwa kwa huruma nyingi mno.

"Mama Muthoni, hii haitapita. Ukaguzi ni wiki tatu zijazo na mimi naona mavi tu."

Wamucii akamwambia ni paka.

"Najua ni paka. Unajua kwa nini yule mama anawabembeleza hivyo?" Akashusha sauti. "Memsahibu alikataa kuuza mpaka tuandike katika mkataba kwamba Jepkosgei atakaa katika ile nyumba na kisima chake maadamu paka wake wako hai. Sisi tulicheka tukatia sahihi. Tulidhani paka ni wa mwaka mmoja. Kumbe mama anawalea kama wafalme! Paka wakiisha, yeye hana haki yoyote pale." Akatoa karatasi iliyokunjwa akaiweka juu ya kigogo. "Dawa ya panya. Mtu akitega panya wake, nani atamuuliza?"

Akaondoka, akamwacha Wamucii anaitazama ile karatasi kama nyoka.

Hebu nawe fikiri ni wewe. Siku mbili alitembea na karatasi hiyo kifuani. Akiwaza Muthoni na mtungi mgongoni, anaifungua. Akiwaza yule mama na mabakuli yake saba, anaikunja. Alijua kutolewa katika nyumba kulivyo. Alijua sauti ya watu wanaosema, "Hapa si pako." Lakini alijua pia kwamba hakuna aliyemhurumia yeye siku ile. Siku ya tatu asubuhi alipaka dawa kwenye mifupa yenye nyama, akaweka bakuli kando ya kayaba, akachuchumaa kusubiri.

Aliyetokea si paka, ni Jepkosgei, amebeba ndoo. Akasimama kando ya kitalu, akatazama ule udongo wa kijivu, mara akacheka! Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Mama Muthoni, wewe ndiye unawaita! Majivu haya!"

"Majivu ni ya wadudu."

"Ni ya wadudu kwenu. Hawa ni paka wa nyumbani kwa mzungu. Memsahibu aliwafundisha tangu wadogo kwenda haja kwa sanduku la majivu ya jiko. Mimi ndiye nilikuwa nabadilisha, kila asubuhi. Alipokwenda, sanduku likaoza, nikaacha. Sasa wewe umewatengenezea choo kikubwa namna hii, wafanye nini?"

Wamucii alitazama kitalu. Tisa, kumi, kumi na mara ngapi sijui, alisafisha choo cha paka na kukiandaa upya kwa mikono yake. Aibu ilimpanda, kisha kicheko kikampata naye, kisha akakumbuka bakuli. Akalirukia, akalinyakua, akaimwaga mifupa yote katika choo cha shimo, akarudi na bakuli tupu.

"Kulikuwa na nini?" Jepkosgei akauliza.

"Mifupa imeoza."

Jepkosgei akamwangalia, kisha akaokota ndoo yake.

Siku hiyo waliondoa majivu pamoja, udongo wa juu wote, wakaleta mpya kutoka kando ya kisima. Wakapigilia sanduku la mbao, wakalijaza majivu, wakaliweka nyuma ya nyumba ya Jepkosgei. Paka wakalinusa, wakazunguka, wakaingia mmoja mmoja kwa adabu. Kitalu hakikuguswa tena. Jepkosgei alimpa miche yake mwenyewe ya kujazia mapengo, akaja kumwagilia siku ambazo mgongo wa Wamucii ulikataa. Jioni walikunywa chai pamoja, na Wamucii akamweleza anavyoteseka Muthoni huko kwa shemeji, jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote katika shamba lile. "Akija atanisaidia kuwapa maziwa," Jepkosgei alisema. Wamucii alimpenda mama huyo, na hilo ndilo lililomfanya akose usingizi alipokumbuka lile bakuli.

Siku ya ukaguzi kabichi zilikuwa zimesimama safi, mistari imenyooka. Wanyoike alikuja na wazee wawili wa kamati, nao wakasifu. Mmoja akasema hajaona kitalu kama hicho tangu watoke Nyeri. Wazee wakatangulia ploti inayofuata, Wanyoike akabaki nyuma, akafungua kitabu juu ya goti.

"Namba thelathini na nane," akasema. "Ni yako, mama. Imebaki kitu kidogo tu." Akatoa karatasi nyingine. "Mkataba unasema paka wakiisha, jirani ashuhudie. Jirani ni wewe. Hapa imeandikwa kwamba paka wa Memsahibu wamekwisha. Weka kidole."

Wamucii alidhani hakusikia vizuri. "Lakini wapo. Ile pale, ile ya madoa, juu ya kisima. Hata wewe unaiona."

"Mimi sijauliza habari ya paka. Nimeuliza kidole."

"Bwana katibu, kabichi zimeota. Ulisema kabichi."

"Nilisema." Wanyoike akacheka kidogo. "Na watu wanaongoja ploti ni wengi, na wino haujaandika jina lako bado. Utarudi Nyeri, utarudi kwa nani?"

Laiti angefoka! Wamucii aliyejua kufokea paka na majirani na mvua, siku hiyo alinywea. Alitazama kitalu, akatazama nyumba ya mawe ambayo moshi wake ulikuwa unapanda. Alitafuta njia ya tatu, akaitafuta kwa moyo wote, na kila upande alipogeuka alikutana na uso wa mwanawe. Alimchukia Wanyoike. Alijichukia yeye mwenyewe zaidi, maana mkono ulikuwa umeshanyooka. Katibu akakishika kidole gumba kwa upole, akakipaka wino, akakibonyeza. Kisha akaandika jina lake katika kitabu kwa hati nzuri sana.

Ilichukua siku kumi na mbili. Watu wawili wa kampuni walikuja na barua, wakamsomea Jepkosgei mlangoni, paka mmoja akijisugua miguuni mwa msomaji. Hakuna aliyeona ajabu. Wamucii alisikia yote kutoka shambani kwake, akaendelea kupalilia palepale pasipo na gugu hata moja.

Alasiri Jepkosgei alikuja, amefunga blanketi na sufuria zake kwa kamba. Kakake alikuwa akiishi Cheptiret, kupita Eldoret, alisema, atamsitiri kwa muda. Alisimama nje ya kayaba.

"Wameniambia paka wamekwisha. Kuna mtu ameshuhudia, ametia kidole." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo yeye mwenyewe hajalielewa. "Nikawaambia, ni uongo huo, muulizeni Mama Muthoni, yeye ndiye jirani, yeye anawaona kila siku. Wakacheka. Mama Muthoni, kwa nini walicheka?"

Wamucii alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yote, yamejaa hadi kooni. Akawaza namba thelathini na nane, akawaza lori ambalo lingemleta Muthoni Jumamosi.

"Sijui, mama," akasema.

Jepkosgei akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama alivyomtazama siku ile aliyoambiwa mifupa imeoza. Kisha akapitisha mkono katikati ya miiba, akamkabidhi kopo la maziwa.

"Wanakula mara mbili kwa siku," akasema. "Yule wa madoa ni mzee, mpashie moto kidogo."

Akajitwika mzigo wake akashika njia ya Eldoret. Paka walimfuata hadi kwenye lango la kampuni, wakaketi hapo, halafu mmoja mmoja wakarudi kwa Wamucii kudai chakula chao.