Vijiko Vitatu vya Mtindi

Mtaani walimwita Mama Mtindi, ingawa hakuwa mama wa mtu. Jina lilianza kama utani wa wateja, likamganda, naye akaliitikia miaka kumi na tisa kwa sababu kulikataa kungetaka maelezo. Aliwahi kuolewa. Alikaa na mume miaka sita bila kushika mimba, mume akaenda kwa mwingine, naye akarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake na masufuria mawili makubwa. Kwa masufuria hayo akaanza kazi.

Kazi aliijua barabara. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani huku akihesabu hadi kumi bila kukitoa, akatia mtindi wa jana kuwa chachu, akafunika sufuria kwa blanketi. Mchana mtindi ulikuwa umeshikana hivi kwamba ukiuchota kwa kijiko ulibaki umesimama kama ukuta. Baadhi ya wateja wake walikuwa watu ambao maziwa ya kawaida yaliwavuruga tumbo, lakini mtindi wake waliunywa wakalala salama. "Maziwa yana ugomvi," walimwambia, "lakini mtindi wako hauna ugomvi na mtu." Maneno hayo aliyashika kama sheria.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mdogo mtu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, wiki mbili barabarani, siku nne nyumbani. Alichelewa kuoa, na alipooa alimpata keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke mpole, msemaji wa maneno machache. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume. Likizo ya uzazi ilipokwisha, hapakuwa na kikao cha kujadili mtoto akae na nani. Saa moja asubuhi mama yake alimleta kwa shangazi yake akiwa amebebwa mgongoni, na saa kumi na moja jioni akaja kumchukua.

Walimwita Bosi, kwa sababu akifika kazi zote zilisimama. Shangazi alijifunza kukoroga sufuria kwa mkono mmoja na kumshika kwa mwingine. Wateja walikuta mlango uko wazi na mwenye nyumba yuko sakafuni, anaimba. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mtu akimwita Mama Mtindi, lile neno la kwanza halikumchoma.

Bosi alipotimiza miezi sita alianza kula. Mama yake akampikia uji mwepesi wenye maziwa kidogo ya ng'ombe. Kabla bakuli halijafika nusu, mtoto alitoka mapele mekundu kuzunguka mdomo na shingoni. Kliniki walimwambia ni aleji, asiguse maziwa ya ng'ombe wala kitu kilichotokana nayo, mpaka aonwe na daktari bingwa wa watoto. Daktari bingwa alikuwa na foleni ya wiki saba.

"Wifi," mama yake alisema asubuhi iliyofuata, akiweka chini mfuko wa nepi. "Uji wa maji. Viazi, ndizi, na maziwa yangu haya niliyokamua. Maziwa ya ng'ombe hapana. Na mtindi hapana."

"Nimesikia," shangazi akajibu. Na kusikia, alisikia.

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili. Bosi hakupenda viazi, na ndizi alizitema. Uji wa maji aliunywa kwa uso wa mtu anayelipishwa faini. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito uliokuwa ukipanda ulilala chini kama nyoka aliyeshiba. Shangazi alimwogesha kila mchana na kuona mbavu zinahesabika. Jirani mmoja alichungulia mlangoni akacheka: "Huyu Bosi wenu halipwi mshahara? Mbona anakonda hivi, kwenye nyumba ya mtindi?" Ulikuwa utani tu. Lakini shangazi hakuusahau, akaanza kuusikia kila alipofunua sufuria.

Hakutaka kubishana na wifi yake. Wala hakumdharau. Alijiambia tu kwamba wale wa kliniki wanasema maziwa, na mtindi si maziwa tena. Chachu imeshayafanyia kazi, ugomvi umeshaondoka. Yeye ndiye aliyekuwa na wateja wa kuthibitisha hilo, si wao. Alijiambia pia kwamba mdogo wake, baba wa mtoto huyuhuyu, alikua kwa mtindi na leo anageuza usukani wa lori kwa mkono mmoja.

Jumatatu akampakaza kidogo kwenye ulimi kwa ncha ya kijiko. Bosi alikunja uso, akafikiri, kisha akafungua mdomo kudai zaidi. Shangazi alicheka mpaka machozi. Alasiri kidevu kilikuwa chekundu kidogo. Akasema ni mate, meno yanakuja.

Jumanne akampa vijiko vitatu.

Alikula vizuri kuliko siku yoyote. Alirukaruka mapajani, akashika kijiko kwa mikono miwili, akajipaka hadi kwenye nyusi. Shangazi alikuwa bado anamfuta alipoona jicho la kushoto limeanza kujifumba. Kisha midomo ikavimba. Mapele yakashuka shingoni na tumboni kama maji yanavyoenea kwenye kitambaa. Mtoto akatapika, akalia, na ghafla kilio kikawa chembamba, kikitoka kwa mluzi, kana kwamba kinapita kwenye tundu la ufunguo.

Hakukumbuka baadaye alivyofika barabarani. Fundi redio wa jirani alimpakia kwenye pikipiki yake, akampigia simu mama wa mtoto huku injini ikinguruma, wakaenda zahanati. Shangazi alikuwa na kiatu kimoja mguuni.

Nesi alimpokea mtoto, akamlaza kitandani, akamvua nguo. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, akaweka kipimo kifuani na kusikiliza.

"Amekula nini?" akauliza.

Shangazi akafungua mdomo. Alifikiria wifi yake ambaye sasa yuko njiani.

Nesi akaona anasita. Alikuwa mama wa makamo, mwenye huruma, na akamgusa bega. "Sema tu, mama, usiogope. Mficha uchi hazai."

Nesi hakujua anasema na nani. Ni methali tu, husemwa kila siku. Lakini shangazi alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu.

"Uji," akasema. "Uji wa maji."

"Hakuna kingine? Karanga? Yai? Maziwa?"

"Hakuna."

"Ameumwa na nyuki?"

"Sijui. Labda."

Wakaanza kumgeuza mtoto kutafuta alama ya mwiba. Daktari aliuliza kama aliwahi kuugua kifua, akasema iletwe mashine ya mvuke, nesi akaenda kuitafuta chumba cha pili. Huenda zilikuwa dakika tatu, huenda nne. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake na hakuitazama. Aliitazama midomo ya Bosi ikitoka kwenye wekundu ikienda kwenye rangi ya majivu.

"Mtindi," akasema. "Nimempa mtindi, daktari. Vijiko vitatu. Walinikataza."

Daktari aligeukia kabati. Alivuta droo, akavunja kichupa, akadunga sindano pajani. Shangazi alisimama ukutani. Alipogeuza kichwa alimwona wifi yake mlangoni, bado amevaa aproni ya duka, mkono juu ya kizingiti. Alikuwa amefika lini, hakujua.

Bosi alipumua. Pumzi ya kwanza yenye sauti ya mtoto ilipotoka, nesi akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, na daktari akaketi. Baadaye, wakati gari la kumpeleka hospitali kubwa likisubiriwa, daktari alieleza kwa upole, akiwatazama wote wawili.

"Kuna watu wazima ambao tumbo lao haliwezi kusaga maziwa. Hao wakinywa mtindi ni nafuu. Huyu siyo hivyo. Mwili wake unaiona ile protini ya maziwa kama adui, na kwenye mtindi bado imo. Siku nyingine inaweza kuja kwa nguvu zaidi. Na mkifika mahali, semeni mara moja. Hapa tumepoteza muda na uji."

"Uji gani?" mama wa mtoto akauliza.

Akamtazama wifi yake, na kwa kumtazama akaelewa. Hakupiga kelele. Alimfunika mtoto kwa khanga yake, akapanda gari, na mlango ukafungwa.

Siku tatu shangazi alingoja nyumbani. Alipiga simu, haikupokelewa. Siku ya nne mdogo wake alirudi kutoka safari akaja moja kwa moja, na vumbi la njiani kwenye kope. Hakukaa. Alisimama karibu na meza ya vikopo kama mteja.

"Ametoka hospitali," akasema. "Yuko salama."

"Namshukuru Mungu. Mdogo wangu, nilikosa. Nilidhani—"

"Ulidhani. Hilo naweza kulielewa, dada. Hata mimi ningedhani. Mtindi wako ndio ulionilea." Akageuza funguo mkononi. "Lakini mtoto anakata roho, unaulizwa amekula nini, unasema uji. Unasimama pale unaangalia. Mama gani anafanya hivyo?"

Bado angeweza kuishia hapo.

"Ungekuwa na wako ungejua," akasema.

Akatoka. Shangazi alibaki ameshika ukingo wa meza. Huyo ndiye mtoto ambaye yeye alimfunga kamba za viatu alipokuwa na miaka mitano. Alijinyima shule yeye mwenyewe ili yule asome. Alitafuta mdogo wake alipokosea, hakupaona.

Bosi alipelekwa kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili, anayelea watoto wanne kwa wakati mmoja. Shangazi aliendelea kuchemsha maziwa kwa mwezi mzima, lakini mkono ulikuwa umepoteza kipimo. Aliweka kidole kwenye sufuria, akaanza kuhesabu, akafika nne, akasahau anahesabu nini. Mtindi ukatoka mwembamba au ukakatika maji. Wateja walivumilia, kisha wakapungua.

Ndipo akapata wazo, na kwa siku chache wazo lile likamwinua kitandani. Akagawa masufuria. Akachoma blanketi. Akasugua meza, rafu na sakafu kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, akafua mapazia, akatoa nje kila kikopo na kila kijiko kilichowahi kugusa maziwa. Nyumba ikabaki haina harufu ya kitu chochote. Akavaa gauni jipya, akaenda kwa mdogo wake siku ya Jumapili mchana.

Wifi yake alimfungulia, akamkaribisha kiti cha sebuleni kama mgeni wa heshima. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umerudishwa. Nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto akizungumza peke yake.

"Nimeacha kazi ile, wifi," shangazi akasema. "Nyumbani kwangu hakuna tena hata tone la maziwa. Njoo ukague mwenyewe. Unaweza kumleta."

Macho ya wifi yake yalijaa machozi, akayafuta kwa kiganja.

"Pole kwa kazi yako," akasema. "Sikukwambia uiache. Wifi, mimi nilikosea pia. Nilikwambia asubuhi moja, nikaenda zangu kazini, sikukueleza kwa nini. Maziwa nimeyasamehe zamani."

"Basi."

"Lakini nilikuwa mlangoni. Nilikuwa pale kabla hujasema mtindi. Nilikusikia ukisema labda nyuki." Sauti yake haikupanda. "Kila nikifikiria kumleta kwako, nasikia lile neno. Nimejaribu. Siwezi."

Shangazi aliomba amwone tu, hata kwa mbali. Wifi yake aliinuka, akamleta amempakata. Bosi alikuwa amenenepa. Alimtazama mwanamke mwenye gauni jipya, akamtazama vizuri, kisha akaficha uso kwenye shingo ya mama yake kama watoto wanavyofanya kwa wageni.

"Ana usingizi," mama yake akasema, kwa huruma.

"Ndiyo. Mlaze."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Wateja wawili walimsimamisha njiani kuuliza mtindi utapatikana lini, akawaambia hautapatikana. Hakuwa na masufuria ya kuanzia upya, na hata angekuwa nayo asingethubutu. Mwisho wa mwezi alipata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Pale hakuna anayemwita Mama Mtindi. Wanamwita Yule wa Mashuka, na wakati mwingine hawamwiti kabisa.

Mdogo wake huja mara moja baada ya safari kadhaa. Aliomba radhi kwa neno lile, naye akasema yameisha, wote wawili wakijua hayajaisha. Hunywa chai ya rangi, huzungumza juu ya barabara na matairi. Safari iliyopita alitoa simu, akamwonyesha picha. Bosi amesimama wima uani, mikono imetanuliwa, mdomo wazi.

"Anatembea?" shangazi akauliza.

"Tangu mwezi juzi."

Akaitazama picha mpaka kioo kikazima. Mdogo wake akakiwasha tena, akamwachia simu mkononi, akatoka nje kusubiri.