Manhattan ya Kujaa Pomoni

Laurenti alishuka kutoka Mgeta na vitu viwili: shati moja jeupe, na uhakika kwamba Morogoro nzima hakuna anayechanganya kokteli ya Manhattan kumshinda. Hakuna aliyembishia. Lakini miezi yake mitatu ya majaribio hotelini ilikuwa inaisha Jumamosi ile, na bosi wake, Dada Mwanaheri, alikuwa hajaamua kama atabaki kaunta au atarudi kufua mashuka.

Alasiri akaingia Mzee Stephano, mwalimu mstaafu, kitambi kikimtangulia kama mgeni rasmi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Daktari kanikaba na kalori. Hii Manhattan yangu ya kila Jumamosi inazo ngapi?"

"Kama mia na themanini tu," Laurenti akajibu bila kupepesa. "Wiski vipimo viwili, divai ya vermuti kimoja, matone machungu ya bita, cheri. Mafuta hamna, protini hamna, sukari kiduchu. Kalori karibu zote ni za kilevi chenyewe. Chapati ya mama nyumbani inaizidi."

"Mwache mke wangu."

Laurenti akamimina kwa jicho, kama siku zote, mpaka glasi ikajaa pomoni. Kwao, mama yake, Yuliana, angemzaba kofi aliyempa mgeni kikombe nusu.

"Ngoja," akasema Mwanaheri, ambaye hajawahi kuonja hata bia, lakini namba zinamwogopa. "Mimina nyingine vilevile. Kabla ya kuchanganya na barafu, pitisha kila kinywaji kwenye kipimo."

Laurenti akapima huku anatabasamu. Tabasamu likaganda. Wiski, vipimo vinne. Vermuti, viwili.

"Mia tatu na sitini," akasema Mwanaheri, akiisogeza ile glasi mbali na mwalimu.

"Ndiyo maana suruali zangu..."

"Suruali zako zilianza kabla yangu, mwalimu." Laurenti akamgeukia bosi. "Namba ni ya kweli, dada, mkono ndio mwongo. Lakini mgeni simpi glasi nusu, hata ukinirudisha kwenye mashuka."

Akachutama, akatoa chini ya kaunta glasi ndogo yenye vumbi. Akaiosha. Akapima viwili na kimoja, akakoroga na barafu, akachuja. Ikajaa pomoni.

Mzee Stephano hakuthubutu kuiinua, akaifuata kwa mdomo. "Ndogo," akasema, "ila imejaa."

Mwanaheri akakusanya glasi zote kubwa. "Hizi zinaenda kwenye juisi. Na mashuka nitatafuta mtu mwingine."