Mkwe Hageuki Nyuma

Njia ya kutoka Dzitengeni hadi Mwangani haina mlima wala bonde. Yaufuata mto tu, tambarare kama ua uliofagiwa, na mtu akienda kuazima chumvi kijiji cha pili hurudi kabla chungu hakijachemka. Lakini asubuhi hiyo Ruwa aliiona ndefu kuliko safari ya Nairobi.

Nyuma yake alikuwa akija mama mkwe wake, Kahaso, na kuku kwapani.

Eddah, mkewe Ruwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike juzi, salama salimini, kisha akagoma kula. Uji haugusi, supu haitaki, anageukia ukutani na kulia: anamtaka mamake. Na huyo mamake hakuwa amekanyaga kwao Mwangani tangu Ruwa alipomtorosha Eddah bila posa wala hodi. Wazee walikaa, wakasema, wakayamaliza. Kahaso hakuyamaliza. Basi Ruwa alipokwenda kumwita alisimama nje ya ua, macho chini, akasema lililomleta, akangoja matusi. Kahaso alimkamata kuku, akamfunga miguu, akatoka.

Sasa, Wagiriama wana heshima zao. Mkwe hamshiki mkono mama mkwe, hamkodolei macho, wala hawaongozani njiani wakipiga soga. Ruwa, aliyekwisha kuikosa heshima mara moja, aliapa kwamba leo hatakosa hata chembe. Akatangulia mbali, shingo kaikaza kama aliyelala vibaya. Akisikia kandambili za Kahaso zinakaribia, anaongeza mwendo, asije akaonekana anatembea bega kwa bega na mama wa watu.

Walipofika penye mikoko, kandambili zikanyamaza.

Ruwa akaenda kidogo, akasikiliza. Kimya. Ameghairi, akajiambia, amerudi kwake. Atamwambia nini Eddah? Akamwona mkewe akigeukia ukuta tena, na hofu ikaishinda heshima. Akageuka.

Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Alirudi mbio, akimwomba Mungu kwa sauti, mwanamume mzima na ndevu zake. Kwenye kona akamkuta Kahaso kapiga magoti kwenye matope, leso imelowa, anambembeleza kuku aliyekata kamba na kujificha kwenye mizizi ya mikoko.

"Mbona wasimama?" Kahaso alisema bila kumtazama. "Zunguka huko!"

Ruwa akazunguka. Kuku akampita katikati ya miguu. Akajitupa kifudifudi, akamdaka bawa. Alipoinuka alikuwa matope tangu kidevuni hadi miguuni, na mama mkwe yupo mbele yake, uso kwa uso. Akainamisha macho upesi.

"Nisamehe, mama. Nilidhani umerudi."

"Nirudi wapi, na mwanangu hajala?" Kahaso alikuwa akihema. "Tangu kwangu nakufuata, kila nikikaza mwendo nawe wakaza! Magoti haya ni ya kukimbizana? Mwanangu ulimchukua mbio mbio, na miye leo wanichukua mbio mbio?"

"Ilikuwa heshima, mama."

"Heshima! Na miye njia nzima nasema kijana huyu ana kiburi, hata kungoja hangoji."

Akamtazama alivyotapakaa matope, na kuku kamkumbatia kama mtoto mchanga. Midomo ikamcheza. Akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akashika mti. Ruwa alisikia kifua kikimfunguka. Machozi yalimlengalenga, naye akacheka pamoja nayo.

"Haya, natangulia miye," Kahaso alisema akijipangusa macho. "Wewe beba kuku, na uje polepole."

Wakaenda hivyo hadi Mwangani, kwa mwendo wa magoti ya Kahaso. Mlangoni akapiga hodi. Kutoka ndani ikaja sauti ya Eddah, nyembamba: "Mama?"

"Bee, mwanangu. Nimekuja."

Ruwa hakuingia. Alimchinja kuku, akaketi uani na sufuria ya maji ya moto, akamnyonyoa huku masikio yakiwa ndani. Akasikia Eddah akilia. Akasikia mtoto naye akilia, halafu wote wakanyamaza. Kisha, wazi kabisa, akasikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena, na tena.

Akabaki kaduwaa na kuku wake nusu uchi.

"Ruwa!" Kahaso aliita. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina.

"Naam, mama!"

"Uji wamalizika huku, na mke wako aulizia supu. Sasa ndiyo ukimbie."