Mafuta ya Kwenda Sirisia

Kila Jumamosi Wekoye aliondoka Bungoma tangi limejaa, ati anaenda Sirisia kumwona mama yake, na kila Jumapili jioni alirudi mshale wa mafuta umelala chini kabisa. "Hii gari inakunywa, Mama Khisa," alimwambia mkewe, mwalimu Phelista. "Inakunywa vibaya!"

Inakunywa! Kwani Sirisia ni ng'ambo? Tena Nasike, dada yake Phelista aliyeolewa Kitale, alikuwa ameliona gari hilo mara mbili mtaani Tuwan, limeegeshwa mlangoni kwa mwanamke mmoja mshonaji. Wekoye alipoulizwa alicheka. "Gari jeupe Kitale nzima ni langu peke yake?" Machale yalimcheza Phelista, na miezi minane hakulala vizuri.

Wiki moja Wekoye akaenda semina Kakamega na gari la ofisi, akaacha ufunguo nyumbani. Alhamisi Phelista alilipeleka gari kwa fundi Alwi, karibu na msikiti, na hakuumauma maneno.

"Fundi, niambie ukweli. Gari linakunywa, au kuna mtu ananidanganya?"

"Mimi napima gari tu, mwalimu," alisema Alwi. "Watu siwezi."

Akawasha injini. Moshi ulitoka mweusi, unanuka petroli. Akamwonyesha kidude cha chuma kinachotoshea kiganjani. "Hii ni regyuleta, inashikilia presha ya mafuta. Ndani kuna mpira mwembamba. Ukipasuka, petroli inapitia hii paipu ndogo na kumwagika kwa injini bure. Hii paipu inafaa kuwa kavu."

Akaichomoa. Petroli ikamtiririka vidoleni.

"Imekufa," alisema.

Jamani, ni mwanamke gani amewahi kufurahia gari bovu? Phelista nusura amkumbatie fundi wa watu! Miezi minane amemwita mumewe mwongo moyoni, kumbe ni kampira tu kamepasuka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alwi akafunga regyuleta mpya, akachomoa paipu tena: kavu. Akapima presha kwa geji, ikatulia. "Sasa Sirisia kwenda na kurudi," alisema, "hata robo tangi haimalizi."

Phelista akajaza tangi. Kile kidude kibovu alikifunga kwa gazeti, akakificha nyuma ya sufuria. Alitaka Wekoye aende, arudi, ajionee maajabu mwenyewe, ndipo amwambie.

Ijumaa Wekoye alirudi kutoka semina, na Jumamosi akaondoka kwenda Sirisia kama kawaida. Jumapili Phelista alichinja kuku. Wekoye akaingia, akatupa ufunguo mezani. Phelista akauchukua, akatoka mbio hadi kwa gari, anatabasamu peke yake. Akawasha. Mshale ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Akazima, akawasha tena. Palepale.

Alirudi ndani, akaurudisha ufunguo mezani.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anakusalimia sana." Wekoye alikuwa ameshashika paja la kuku. "Lakini hii gari, bana! Inakunywa!"

Phelista akaenda nyuma ya sufuria. Akaleta lile gazeti, akalifungua kando ya sahani. Kile kidude bado kilinuka petroli.

"Ni nini hii?"

"Ndiyo ilikuwa inakunywa. Fundi Alwi aliitoa Alhamisi, akaweka mpya." Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Sasa, Baba Khisa, Tuwan hawajambo?"