Upindo wa Gauni la Buluu

Gauni la kazi lilikuwa limelowa tena. Kila Mama Shuka alipoinama kuvuta mashuka kutoka kwenye mashine ya kufulia, pindo la mbele lilizama kwenye maji ya sabuni yaliyotuama sakafuni. Gauni lake halikuwa refu hivi. Kuna mtu alikuwa akimchezea.

Aliyemshuku ni Somo, mpiga pasi mwenzake, mwanamke wa mizaha. Walifanana majina, kwa hiyo waliitana hivyo tu. Magauni ya wafuaji wa hospitali ile yote yalikuwa ya buluu, na jioni yalitundikwa kwenye misumari nyuma ya mlango. Kubadilisha moja kwa jingine ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mama Shuka aliamua kumtega. Alishona uzi mwekundu ndani ya kola, akangoja. Asubuhi uzi ulikuwapo, na gauni bado lilikuwa refu.

Shaka ikahamia kwenye rafu ya sabuni. Zamani aliifikia bila kujinyoosha. Sasa alipanda juu ya ndoo. Bila shaka fundi ameipandisha, alijiambia, ili tuombe ruhusa hata ya sabuni. Alipapasa ukuta akitafuta matundu ya misumari ya zamani. Hayakuwapo. Akakunja upindo wa gauni, akaushona.

Mgongo ulimvunjika miaka kadhaa baadaye, mchana mmoja, bila yeye kuanguka. Alikuwa akiinua tenga la mashuka mabichi ya wodi ya upasuaji, na mgongoni mwake kitu kikalia kama kijiti kikavu. Akabaki ameinama, mikono kwenye tenga, akihema kidogo kidogo.

"Mgongo wako umegoma, Somo," mwenzake alimwambia, akimshika kiuno. "Una bahati. Wengine hata kugoma tunaogopa."

Kila mfuaji aliijua kanuni: anayeumia kazini hutibiwa bure mpaka apone, na nafasi yake humngoja. Mama Shuka aliishikilia hiyo. Lakini msimamizi wa wafuaji alipokuja mwenyewe na kiti cha magurudumu, akimwita "mama yangu", akampitisha mbele ya foleni nzima, roho ilimsita. Baada ya picha ya eksirei alimsukuma hadi chumba cha mashine ya kupimia mifupa. Wafuaji walikijua chumba hicho kwa mashuka yake tu, yasiyokuwa na doa. Tangu lini mtu huyu akajua kusukuma kiti?

Alilazwa juu ya shuka alilolipiga pasi mwenyewe. Mkono wa mashine ulipita juu yake polepole, bila kumgusa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimweleza kwamba mifupa yake imekonda kwa ndani na kujaa vitundu, kama inavyowatokea wanawake wengi hedhi ikishakoma. Pingili moja ya mgongo imebonyea leo. Nyingine mbili zilibonyea zamani, kimyakimya, ndiyo maana amepungua kimo. Mama Shuka akalikumbuka gauni, akaikumbuka rafu, akamwonea Somo haya. Dawa ipo, daktari aliendelea: kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na asilale hadi nusu saa ipite. Na asinyanyue tena kitu kizito.

"Kimo kitarudi?"

"Hapana, mama. Dawa itasaidia mifupa mingine isivunjike."

"Na huu wa leo umevunjwa na tenga."

Daktari alitazama mlango. Nyuma ya kioo chake palionekana bega la msimamizi.

"Tenga limeukuta mfupa ni dhaifu."

"Basi liandike tenga, mwanangu."

"Nimeandika ugonjwa," alisema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo.

Msimamizi alimsukuma kurudi, taratibu vilevile, akamweleza njiani. Ugonjwa alikuja nao kutoka nyumbani, na hospitali hutibu ya kazini. Dawa angezinunua dirisha la wateja, kama mteja mwingine yeyote. Halafu daktari amekataza mizigo, na yeye si mtu wa kubishana na daktari.

"Naweza kukunja mashuka," Mama Shuka alisema. "Nikiwa nimekaa."

"Hapa wanaokaa ni wagonjwa, mama yangu."

Siku ya kurudisha gauni, Somo alimsindikiza hadi mlango wa stoo, hana mzaha. Ndani, kwenye benchi, aliketi mwanamke mrefu, mgeni wa kazi. Mtunza stoo alilipokea gauni, akalikung'uta, akamkabidhi mgeni palepale. Mgeni alijipimia kifuani, akacheka, akaanza kuukata uzi wa upindo kwa meno.

"Mwenye hili alikuwa mfupi kweli."

"Hakuwa mfupi," Mama Shuka alisema.

Upindo ulifunguka. Gauni zima lilikuwa limepauka kwa miaka ya sabuni, ila pale palipokuwa pamefichwa palibaki buluu iliyokolea, ukanda wa vidole vitatu, kama siku ulipokunjwa. Mgeni alilivaa, akafunga vifungo hadi kwenye kola yenye uzi mwekundu. Lilimkaa sawasawa. Msimamizi akamwonyesha tenga lililojaa, akamwita "dada yangu".

Mgeni akainama. Mama Shuka, mkono kwenye kizingiti, akatega sikio, akingoja mlio wa kijiti kikavu.