Kigoda cha Dezhang

Siku hiyo Suiying alikuja ghalani na vigoda viwili.

"Shoga, makalio yameongezeka tangu jana?" Qiaoyun akamtania, na wanawake wote waliokuwa wakichambua majani ya chai wakaangua kicheko.

Suiying hakucheka. Mumewe, Dezhang, alikuwa amezama katika Mto Min na mashua ya makasha ya chai, na mwili haukuopolewa. Hakuacha hata picha ya kuchorwa. Meza ya wahenga nyumbani ilikuwa na udi na wali, lakini haikuwa na uso. Na marehemu asiye na uso hajui pa kurudi.

Leo mpiga picha kutoka Kantoni alikuja kupiga picha ya ghala. Suiying akaweka kigoda cha pili kuumeni kwake, akamimina kikombe cha chai mbele ya kigoda hicho.

"Njoo ukae, mume wangu," akanong'ona. "Tazama mbele. Masikio yote mawili yaonekane, kama picha ya wahenga itakavyo."

"Jamani, kaeni kama mawe!" mpiga picha akafoka chini ya kitambaa cheusi. "Atakayetikisika atabaki moshi pichani! Moja... mbili..."

Mikono iliyozoea kudonoa vijiti kwenye majani ikatulia. Hesabu ilipofika saba, Suiying alisikia harufu ya matope ya mto. Kitu baridi kikamshika mkono. Akageuka. Kigoda kilikuwa kitupu.

"We mama, umeniharibia kioo changu cha picha!"

Siku ya tatu mpiga picha alimletea nakala, akamsukumia mkononi bila kumtazama, akaondoka bila kukubali hata kikombe cha chai. Wanawake wote walionekana wazi. Juu ya kigoda, Dezhang alitazama mbele, masikio mawili, nguo zimemganda mwilini. Suiying mwenyewe alikuwa moshi mtupu, isipokuwa mkono wake wa kulia. Dezhang alikuwa ameushika.

"Jikate utoke kwenye picha hii," Qiaoyun alisema. "Aliye hai hawekwi mezani kwa wahenga. Ukiwekwa, umeitwa."

Suiying akachukua mkasi, akakata moshi wote hadi kwenye kifundo cha mkono. Hapo akasita. Kuutoa mkono wake kungemkata Dezhang vidole, na nani humpeleka mumewe kwa wahenga akiwa na kiganja kitupu? Akauacha. Akamweka mezani, akawasha udi, akalia hadi akaridhika.

Asubuhi yake ghalani, Qiaoyun alichungulia ungo wa Suiying.

"Dada, mbona majani yako yamelowa?"

Yalikuwa yamelowa upande wa mkono wake wa kulia tu, yakinuka matope ya mto.