Ua la Mama Mkwe

Waliaula alikuwa kinyozi hodari pale Otonglo, Kisumu, na lau angejua kunyamaza kama alivyojua kunyoa, yasingemkuta yaliyomkuta. Lakini wapi! Alipokuwa akimchumbia Adongo alijigamba kwamba Kijaluo anakisema kama maji. Kumbe Kijaluo chake kilikuwa cha kwenye kiti cha kinyozi tu: kaa, inama, geuza kichwa, imeisha. Yeye ni Mbukusu, na maneno mengine yote aliyajibu kwa "ee" na tabasamu.

Sasa harusi ilikuwa imebakiza neno moja la mama yake Adongo. Kwa Wajaluo, mama mzazi asiposema "ayie", yaani nimekubali, kijana utaendelea kujipikia ugali mpaka uzeeke. Na Mama Beldina, fundi wa cherehani kule Katito, si mtu wa kutupa neno ovyo. Mwezi wa nane mabati ya duka lake yalikuwa yakibadilishwa, akaamua kwenda kukaa kwa dada yake Mbita kwa mwezi mmoja. Kabla ya safari akamwita Waliaula stendi ya Katito. Adongo akawakutanisha, halafu akakimbia kutafuta ndizi za njiani. Wakabaki wawili, wameinamisha macho, kwa sababu mkwe hatazamwi usoni.

Mama Beldina akamkabidhi ua lake amtunzie. Ni yale majani marefu yanayosimama wima kama mapanga, yenye kingo za manjano, wanayoweka watu sebuleni na kwenye mapokezi ya ofisi kubwa. Alikuwa amelipanda kwenye ndoo ya rangi. Akasema maneno mengi kwa Kijaluo, polepole, kwa sauti ya chini. Waliaula akajibu, "Ee." Mama akasita, akasema tena. "Ee, Mama," Waliaula akacheka kwa adabu. Mama akaguna, halafu akaelekeza kidole kwenye ua.

"Kik imiye pi pile," akasema.

Hapo Waliaula alifurahi kweli, maana mawili kati ya maneno hayo aliyajua. Pi ni maji, na pile ni kila siku. "Ee, Mama!" akaitikia kwa nguvu mpaka muuza mahindi akageuka.

Basi ua likapewa maji. Jamani, lilipewa maji! Asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea, jioni kabla ya kufunga, na mchana jua likiwaka Waliaula alilionea huruma akaliongezea kikombe. Wateja nao hawakukubali kuitwa wachoyo. Aliyebakisha maji kwenye chupa alimimina ndooni. Wiki ya pili majani yakalegea. "Hiyo ni kiu," Waliaula akasema, akanunua jagi. Wiki ya tatu likaanza kunuka, na wateja wakaanza kunyolewa wameziba pua.

Ouma, mchoraji wa mabango, ndiye aliyekuja kunyolewa ndevu akalishika jani moja. Likachomoka lote, laini kama ndizi iliyooza.

"Bwana, hii kitu ulikuwa unaipikia supu?" akauliza. "Hii ni ya kustahimili ukame. Unangoja udongo ikauke kabisa ndio unaipa maji, pengine mara moja kwa wiki tatu. Nani alikuambia uifanye hivi?"

"Mwenyewe! Alisema kik imiye pi pile."

Ouma alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. "Wee! Kik ni usi! Mama alisema usiipe maji kila siku!"

Waliaula hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja. Alimpenda Adongo kuliko kitu chochote duniani, na sasa aliona wazi jinsi atakavyomkosa kwa sababu ya jagi. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yeye alikuwa ameona aibu kuuliza neno moja tu.

Ouma akamhurumia. Shangazi yake alikuwa na ua kama hilo nyuma ya nyumba, ila la kwake lilikuwa la kijani tupu, halina zile kingo za manjano. "Hiyo si shida," Ouma akasema. "Rangi ninayo."

Jumamosi wakalichimba, wakalipanda kwenye ndoo ileile, Ouma akaanza kazi pale kibandani kwa brashi nyembamba, ulimi nje, wateja wakimwangalia. Alikuwa amemaliza jani la tano kati ya manane wakati mtu aliposimama mlangoni na mkoba wa safari. Waliaula aliitambua miguu kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoitazama Katito. Mama Beldina! Wiki nzima kabla ya siku yake!

Mama hakumsalimia mtu. Alitazama kila pembe ya kibanda kama anayemtafuta mtu, halafu macho yakatua kwenye ua. Akalisogelea, akapitisha vidole kwenye jani, akavitazama. Vilikuwa vya manjano. Akatazama yale majani matatu ambayo hayakuwa na kingo. Ouma akaficha brashi mgongoni, akaharibu shati lake.

"Mama, ua lako nimeliua," Waliaula akasema, maneno yakimtoka mbiombio. "Hili si lako. Mimi Kijaluo sijui. Nilidanganya, na niliona aibu kuuliza. Nisamehe, Mama."

Mama Beldina akamgeukia taratibu. "Hujui?"

"Sijui."

"Hata ile kitu nilikuuliza kule stendi?"

"Hata moja sikusikia, Mama."

Mama akashika kifua. "Mimi nilikuuliza kama umeshaoa bibi mwingine! Ukasema ee. Nikasema, labda hakusikia, nikauliza tena. Ukasema ee, Mama, na ukacheka! Adongo sijamwambia, wiki tatu kwa dada yangu silali. Leo nimekuja kuona huyo bibi!"

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. "Haki ya Mungu, hata kuku sina!" Waliaula akaapa. Mama alijikaza, akajikaza, halafu akashindwa. Alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akijipangusa machozi kwa vidole vile vya rangi, mashavu yakawa na mistari ya manjano.

"Lakini Mama, Kiswahili unakijua," Waliaula akasema. "Mbona hukuniambia kwa Kiswahili?"

Kicheko kikaisha. Mama akatazama chini. "Kiswahili yangu inanitia aibu," akasema. "Nikija Kisumu watu ya sokoni wananicheka. Nikasema, mkwe wangu pia asinicheke." Akavuta pumzi. "Wewe unaona aibu, mimi naona aibu, maua ndio imekufa."

Waliaula, kwa mara ya kwanza, alimtazama mama mkwe wake usoni.

"Ayie," Mama akasema.

Waliaula alilijua neno hilo kuliko jina lake mwenyewe. "Sijaelewa, Mama. Sema kwa Kiswahili."

"Nimekubali."

"Bado sijasikia vizuri."

"Nimekubali! Mtoto yangu nimekupatia!" Mama Beldina akapaza sauti kwa Kiswahili chake, mbele ya watu wote wa kibandani, na hakuna hata mmoja aliyemcheka.